Kalamu Ilichelewa Kupanda Kilima

Kabatini kwangu hapa Old Kampala kuna daftari lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, ambalo wajukuu wanajua hawaruhusiwi kuligusa. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu wa mwaka 1988: waliohudhuria, waliotoa udhuru, saa ya kufungua, saa ya kufunga. Ni kumbukumbu za baraza la mtaa. Mimi ni Mnubi, kitukuu wa askari waliopanda kilima hiki na Mwingereza Kapteni Frederick Lugard. Jamaa zangu walikaa karibu miaka 100 mlangoni mwa serikali kabla ya mmoja wetu kuandika ukurasa kama ule.

Lugard alifika Desemba 1890 akapiga hema juu ya kilima walikokuwa wakilisha swala wa Kabaka, mfalme wa Buganda, akajenga ngome. Mwaka uliofuata alikwenda hadi karibu na Ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki na kamanda wao Selim Bey baada ya gavana wao Emin Pasha kuondoka. Wenye silaha walikuwa kiasi cha 600. Nyuma yao walifuata wake, watoto na watumishi, maelfu ya watu. Wengi aliwaacha katika ngome za upande wa Toro na Bunyoro, wachache akaingia nao Kampala mwishoni mwa 1891. Wiki chache baadaye, Januari 1892, vita vya Mengo kati ya Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda vikalipuka.

Basi sisi tulikuwepo tangu siku za kwanza za serikali hii, hata kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao mwaka 1894. Lakini tulikuwepo kama bunduki. Barua, hesabu za stoo na orodha za mishahara zilikuwa mikononi mwa wengine: kwanza maofisa wenyewe, kisha makarani wa Kigoa na Wahindi. Babu alitusimulia kuwa baba yake aliweza kutambua cheo cha mtu kwa mshindo wa viatu vyake gizani, lakini siku ya mshahara aliweka dole gumba penye wino bila kujua kilichoandikwa juu yake. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi. Walilalamikia safari zisizokwisha, pamoja na malipo madogo yaliyochelewa miezi na mara nyingi kutolewa kwa nguo badala ya fedha. Kila nikisoma habari za uasi ule najiuliza mambo yangekwendaje kama mmoja wao tu angejua kuandika malalamiko yakafika mezani kwa mtu wa kuyajibu.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa saza, yaani kaunti, 20. Waislamu wa Buganda walipata moja, Butambala. Mnubi hakuwa na saza, hakuwa na chifu, na ardhi aliyokalia ilikuwa ya kambi. Makao ya askari yalipohamia Bombo, wengi wetu tulihamia huko nayo. Shule zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu aliogopa mtoto angeingia darasani Musa akatoka Moses. Nafuu ilianza miaka ya 1940, Waislamu walipounda chama chao cha elimu, na shule ya Kibuli ikasimama kwenye ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Miaka ya 1950 serikali ilikuwa na chuo cha Nsamizi, Entebbe, cha kuwafundisha machifu na maofisa wa serikali za mitaa. Nyumbani kwetu hakuna aliyepita pale. Vijana waliendelea kupelekwa jeshini, kwa kuwa huko ndiko jina letu lilikojulikana.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wazee wetu hawapendi lisemwe. Wakati wa Idi Amin, Wanubi wengi walipata vyeo. Kuanzia mwaka 1973 wanajeshi waliwekwa kuwa machifu wa saza na wa gombolola zilizo chini yake, watu waliozoea amri wakakabidhiwa kodi, mashamba na kesi za wananchi. Wengine walikuwa Wanubi, wengine sio. Mtu ambaye hajafundishwa kwamba stakabadhi ni haki ya mlipa kodi ataichukua kodi tu. Mtu asiyejua kwamba uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa hukasirika anapoulizwa. Raia waliumia mno, na Amin alipoanguka Aprili 1979 hasira yao haikuchagua kati ya aliyetesa na mshona mikeka. Familia nzima zilikimbilia Sudan. Marehemu mama alivuka mpaka na vazi moja la gurbaba mwilini na sufuria moja kichwani.

Tuliporudi, tulijificha. Watoto walikatazwa kusema Kinubi kwenye basi. Mwaka mmoja nilikwenda kwenye ofisi fulani mjini kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Karani alisoma neno "Mnubi" kwenye fomu, akaisukuma kando, akaniuliza tunarudi lini kwetu. Nilisimama pale na jibu sikuwa nalo. Nikatoka.

Serikali mpya ya 1986 ilileta mabaraza ya mitaa, RC, kila moja na kamati ya watu 9. Wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya waliyemtaka. Mstari wangu ulikuwa mrefu, na hadi leo sijui nani alimshawishi nani. Nikawa katibu. Kulikuwa na kozi za chaka mchaka ambako watu walifundishwa siasa na kufungua bunduki. Hizo ziliwavuta wengi. Mimi niliomba kozi ya utawala, wiki tatu za madawati na chaki, kwa sababu bunduki kwetu haikuwa ngeni.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyefanya kazi serikalini tangu kabla ya uhuru. Alitufundisha kuwa kumbukumbu haziandiki nani alipiga kelele. Zinaandika nini kimeamuliwa, nani atafanya, na lini. Alitufundisha akidi: wasipotimia, hakuna mkutano, hata mwenyekiti akiwa amevaa suti. Na barua: ikifika, igonge muhuri wa tarehe, ipe namba, iandike kwenye rejista, aliyeipokea asaini. Alichukua karatasi tupu, akaigonga muhuri, akaiinua. "Sasa haiwezi kupotea bila mtu kuulizwa," akasema. Niliitazama karatasi ile nikamkumbuka baba wa babu na dole gumba lake.

Nilirudi kwenye ofisi ile. Nilikuwa na barua ya maombi na nakala yake. Nikaomba nakala yangu igongwe muhuri, na kama ninakataliwa nipewe sababu kwa maandishi, na jina la mwenye kukataa. Sikupandisha sauti. Cheti nilikipata Ijumaa.

Katiba ya 1995 iliyahesabu makabila ya Uganda yaliyokuwa ndani ya mipaka kufikia tarehe 1 Februari 1926, makabila 56, na Wanubi wamo. Sisi tulikuwa tumeshatimiza miaka zaidi ya 30 hapa kufikia tarehe hiyo. Jirani zangu Wahindi, ambao nyumba zao zenye baraza ndefu ndizo sura ya mtaa huu, hawamo. Walifukuzwa 1972, baadhi wakarudi miaka ya 1990. Fomu ikiwauliza kabila, hawana neno la kujaza. Mimi naliona hilo kuwa kosa, nami ni mtu niliyewahi kusukumiwa fomu.

Kwa kuwa najua uzito wa jina kuandikwa, daftari lile la kabatini silitoi. Mkutano wa kwanza niliouandikia ulifanyika uani kwa jirani, tukijadili mfereji uliofurika kuelekea Kisenyi. Mzee mmoja wa Kinubi, aliyetumikia jeshi tangu enzi za King's African Rifles, aliongea kwa kifupi: wekeni karavati kubwa zaidi, maji yana nguvu. Mkutano uliofuata nilisimama kusoma kumbukumbu. Nilipofika kwenye hoja ya karavati na jina lake, aliinua mkono.

"Soma tena hapo, mwanangu."

Nikasoma tena. Akauliza kama jina limeandikwa pamoja na herufi mbili za mwisho, maana jeshini walikuwa wakizikata. Nilimpelekea daftari alipoketi. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole mpaka akalifikia, na kikao kizima kikamsubiri.