Saba Saba na Upande wa Bariadi

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Sentensi hii hufundishwa shuleni, na tarehe yake ni sahihi. Hilo si jambo dogo. Chama cha Kikomunisti cha China huadhimisha tarehe 1 Julai, ilhali mkutano wake wa kwanza ulifunguliwa Shanghai tarehe 23 Julai 1921. Siku ya maadhimisho iliteuliwa na Mao Zedong mwaka 1938, wakati siku yenyewe ilikuwa haikumbukwi tena. Saba Saba haina kasoro ya namna hiyo. Kasoro yake imo katika kitenzi.

Aliyezaliwa leo hakuwapo jana, TANU ilikuwapo. Wajumbe waliokutana Dar es Salaam waliitwa kwenye mkutano wa Tanganyika African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929 kwa jina la African Association, kikaitwa TAA tangu 1948, na kikamchagua Julius Nyerere kuwa rais wake mwaka 1953. Walikipa jina jipya, katiba mpya na shabaha ya siasa iliyo wazi. Badiliko lilikuwa kubwa, hapana shaka. Lakini hakuna asemaye kwamba TAA ilizaliwa mwaka 1948.

Upande wa Bariadi kitenzi hicho chazidi kupotosha. Bariadi ya 1954 haikuwa wilaya: ilikuwa katika utemi wa Ntuzu, wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. (Mkoa wa Simiyu ni wa mwaka 2012, na atafutaye habari za zamani kwa jina hilo atachoka bure.) Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilikuwa ikiendesha huko mpango wa maendeleo ya Usukuma, ukisimamiwa kwa sheria ndogo za watemi waliounganishwa katika baraza la Malya. Mkulima aliamriwa namna ya kulima matuta, aliamriwa kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno, aliamriwa kupunguza ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini. Malalamiko hayo ndiyo yaliyoipa TAA ya Mwanza nguvu, na mmoja wa viongozi wake, Saadani Abdu Kandoro, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Julai. Kitabu chake, Mwito wa Uhuru, kilitoka mwaka 1961.

Kisha likatokea jambo ambalo usemi wa kuzaliwa hauwezi kulieleza. Kabla mwaka 1954 haujaisha, tawi la Mwanza lilikataliwa kuandikishwa, na Usukuma wote ukafungiwa TANU hadi 1958. Kwa miaka minne chama kilichokwisha "kuzaliwa" hakikuwa na haki ya kuwapo kati ya watu wengi kuliko kabila jingine lolote la Tanganyika. Wakulima hawakukaa kimya. Walijenga ushirika wa pamba, ulioandikishwa mwaka 1955 kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, na katika mizani na mikutano yake mambo ya bei yalikuwa karibu sana na mambo ya utawala.

Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wakaenda Mwanza kwa maelfu, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Mwishoni mwa mwaka huo marufuku iliondolewa. Maswa, pamoja na Ntuzu yake, ilipata TANU ya halali miaka mitatu tu kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961.