Wino Mwekundu na Jembe la Mgeni

Mwaka 1904, katika mji wa Sendai, kaskazini mwa Japani, mwalimu wa anatomia aliyeitwa Fujino Genkurō alimwita mwanafunzi wake wa Kichina na kumuuliza kama anamudu kuandika anayoyasikia darasani. Akamtaka alete daftari. Baada ya siku chache daftari lilirudi limejaa wino mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho: palipopungua neno pameongezwa, na makosa ya sarufi ya Kijapani yamesahihishwa moja baada ya jingine. Ikawa ndiyo desturi yao kila wiki. Siku moja mwalimu alimwonyesha mchoro wa mshipa wa damu ambao kijana alikuwa ameusogeza kidogo. Akamwambia kwa upole kwamba ni kweli hivyo unapendeza zaidi, ila mchoro wa mwili si sanaa. Mshipa huchorwa pale ulipo. Kijana akaitikia, huku moyoni akishikilia kwamba amechora vizuri.

Kijana huyo ndiye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Lu Xun, mwandishi aliyeiweka misingi ya fasihi mpya ya China. Kisa hiki alikiandika mwaka 1926, miaka 20 baada ya kuondoka Sendai. Nimekisoma mara nyingi, na kila mara najiuliza kwa nini, katika mambo yote yanayompata mwanafunzi ugenini, baridi, chakula, lugha na macho ya watu, kilichomkaa moyoni muda wote huo ni wino wa masahihisho. Jibu nimeliona katika methali yetu ambayo, kwa maoni yangu, tunaitumia vibaya.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisema kumpiga kijembe mgeni mvivu aliyezoea vya bure. Upo hata wimbo wa pwani unaozihesabu siku za mgeni, kuanzia ukarimu wa siku ya kwanza hadi siku ya kumi anapofukuzwa kwa kipigo. Lakini methali yenyewe haikusema mgeni afukuzwe. Imesema apewe jembe, na jembe hapewi mpita njia. Hupewa mtu wa nyumbani.

Nyumbani kwetu Tanga aliwahi kukaa binti kutoka Ujerumani aliyekuja kujifunza Kiswahili. Siku mbili za kwanza alikula sebuleni peke yake, kijiko na uma vimepangwa juu ya kitambaa, kila aingiaye akimpa pole kwa joto. Alitabasamu muda wote, mpaka ukimtazama unamwonea huruma. Siku ya tatu shangazi alimwita uani, akamfunga kanga, akamkalisha kwenye mbuzi na kumpa kizio cha nazi. Binti akakuna kwa nguvu zake zote mpaka nazi ikaanza kutoka na vumbi jeusi. Shangazi akamshika mkono: "Mwanangu, hapo umeshafika kwenye kifuu. Zungusha, usikandamize." Jioni ile alikula mkekani na sisi, na kwa mara ya kwanza watoto walimkatiza alipokosea ngeli. Alikuwa amekosea ngeli tangu siku aliyofika. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu mgeni wa heshima hasahihishwi, huchekewa tu.

Ukiwa na picha hiyo kichwani, msome Natsume Sōseki, Mjapani aliyepelekwa London na Wizara ya Elimu ya nchi yake mwaka 1900. Alikuwa na miaka 33, mke na mtoto amewaacha nyumbani, na posho yake ilikuwa yen 1,800 kwa mwaka, kiasi kisichomtosha kuishi kama msomi katika jiji lile. Alihudhuria mihadhara ya chuo kikuu kwa muda mfupi akaacha, kisha akawa anamlipa mwalimu mmoja, William Craig, mtaalamu wa Shakespeare, ili amfundishe nyumbani kwake. Muda uliobaki alijifungia chumbani na vitabu, akila kwa kubana ili avinunue. Alihama hama na kupanga nyumba tano tofauti katika miaka miwili. Hakuna aliyemtukana sana, na hakuna aliyemhitaji. Mwaka 1902 habari zikafika Japani kwamba amerukwa na akili. Baadaye aliandika kwamba miaka ile miwili ilikuwa michungu kuliko yote maishani mwake.

Watu husema Sōseki hakuizoea Uingereza kwa sababu ya unyonge wa tabia yake. Mimi sikubali. Mtu huyu alikijua Kiingereza na fasihi yake kuliko wengi wa majirani zake wa London. Tatizo ni kwamba London ilimweka sebuleni miaka miwili mizima. Nikitafuta mahali ambapo mwenyeji anamshika mkono, nakuta mahali pamoja tu: mama mwenye nyumba yake ya mwisho alipomhimiza ajifunze kuendesha baiskeli ili apate nafuu. Sōseki aliandika habari za kuanguka kwake barabarani mwaka 1903, na katika kurasa hizo unamwona anapumua.

Kuna uzi unaowaunganisha wawili hawa. Mwaka 1909 Sōseki aliandika kumbukumbu fupi ya mwalimu Craig, mzee aliyezama katika kazi yake juu ya Shakespeare, mwenye wema usio na mpango. Lu Xun aliitafsiri kumbukumbu hiyo kwa Kichina, ikachapishwa mwaka 1923, miaka mitatu kabla hajaandika ile ya Fujino. Naamini alipokuwa akitafsiri alikuwa tayari anamtafuta mwalimu wake mwenyewe. Tofauti ya walimu hao wawili ni kubwa, hata hivyo. Craig alikuwa akilipwa kwa masomo yake, na akili yake ilikuwa kwenye vitabu vyake. Fujino alilichukua daftari la mtu mwingine akaenda nalo nyumbani.

Hapo ningeweza kuishia, lakini Afrika hainiruhusu. Soma riwaya ya Cheikh Hamidou Kane wa Senegal, *L'Aventure ambiguë* ya mwaka 1961. Kijana Samba Diallo anatoka chuoni, kwenye mbao za Kurani, anafika Paris kusoma falsafa. Anapokelewa mezani, anajadiliana na wenyeji kama mwenzao, anafaulu. Kisha sala inamponyoka, na anarudi kwao kufa. Au mtazame Mustafa Sa'eed katika riwaya ya Tayeb Salih wa Sudan ya mwaka 1966: Waingereza walimlea tangu Cairo, wakamfanya mhadhiri wa uchumi London akiwa bado kijana mbichi, na mwisho wake kule ukawa ni mauaji na jela. Hawa jembe walipewa, tena jembe zuri. Shamba lilikuwa limeshanyang'anywa. Aliyewapa kazi ndiye aliyezitawala nchi zao, na kila walichosahihishwa kilipunguza kitu cha kwao. Kwa hiyo sidai kwamba kumpa mgeni kazi kunatosha. Lazima utazame anayeitoa anataka nini.

Hata Lu Xun hakukwepa kivuli hicho. Japani ilikuwa imeipiga China vitani mwaka 1895. Alipofaulu mtihani, wanafunzi wenzake Wajapani walivumisha kwamba Fujino alimvujishia maswali, kana kwamba Mchina hawezi kufaulu kwa akili zake. Kisha darasani ikaonyeshwa picha ya vita vya Japani na Urusi: Mchina anauawa kwa tuhuma za ujasusi, Wachina wenzake wamesimama wanatazama. Darasa lilishangilia. Mwaka 1906 aliacha udaktari na kuondoka. Sendai haikumshinda Lu Xun wala yeye hakuizoea, ila ndani ya mji ule palikuwa na mtu mmoja aliyemsahihisha bila kumtaka awe Mjapani.

Na sisi? Waswahili tulianza mapema kuandika ugeni wa Ulaya. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891 hadi 1895 akaacha maandishi ya maisha yake kule. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zikachapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Hawakuwa wanafunzi wa chuo, lakini walikuwa wakijifunza nchi. Walichoandika ni habari: watu wanavyoishi, wanavyokula, mji ulivyo. Sōseki anatuambia alivyoumia. Wao wanatuambia walichokiona. Si kwamba hawakuumia. Utanzu wao uliwataka wampe msikilizaji ripoti ya safari, na waliowahimiza kuandika walikuwa wasomi wa Kijerumani waliokuwa wakikusanya lugha. Tangu hapo maelfu ya vijana wetu wamekwenda kusoma Moscow, Leipzig, Pune, Ankara, Guangzhou. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Naomba waliorudi waandike kwa Kiswahili, na wasiishie kwenye theluji na chakula. Watuambie nani aliwaita jikoni, na kwa nia gani.

Lu Xun alipoondoka, Fujino alimpa picha yake, nyuma yake ameandika maneno ya kusikitika kuagana. Picha hiyo Lu Xun aliitundika ukutani Beijing, mbele ya meza yake ya kuandikia, na usiku akichoka kuandika aliitazama. Fujino hakujua. Alikuja kupata habari miaka mingi baadaye, akiwa daktari wa kijijini. Baada ya Lu Xun kufariki mwaka 1936, alisema alimsaidia kijana yule kidogo tu katika maandishi yake baada ya vipindi, na kwamba anashangaa wema mdogo vile kuhesabiwa mkubwa.