Nebulaiza: mvuke, ukungu au manyunyu?

Mtoto akibanwa na pumu darasani Nyamwage, kisha akakimbizwa hospitali ya wilaya ya Rufiji iliyoko Utete, safari ya kilomita 33 hivi kutoka barabara kuu iendayo Lindi, habari zinazorudi kijijini huwa na sura tatu. Mmoja atasema amepigwa mvuke. Mwingine atasema amewekewa oksijeni. Wa tatu, mwenye haraka kuliko wote, atapiga simu: “Mama Asha, mwanao yuko kwenye mashine ya kupumulia.” Hapo Mama Asha atakaa chini, kwa maana tangu enzi za korona maneno hayo yamekuwa na maana ya mgonjwa mahututi, aliyelazwa bila fahamu, anayepumuliwa na mtambo. Kumbe mtoto ameketi kitini, miguu inaning’inia, amevaa barakoa ya plastiki na anaangalia katuni kwenye simu ya nesi. Wote watatu wamezungumzia nebulaiza, na hakuna aliyeitaja sawasawa.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani yake. Kompresa husukuma hewa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye kikombe kidogo chenye mililita 3 hadi 5 za dawa ya maji. Hewa inapopita kwenye tundu jembamba, kasi yake hupanda na mgandamizo wake hushuka. Dawa hunyonywa juu, hupasuliwa, hugonga kizuizi kilichowekwa humo makusudi, na kutoka ikiwa matone madogo mno. Matone yenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 5 ndiyo yanayofika kwenye vijia vyembamba vya mapafu, kule pumu inakobana. Makubwa kuliko hayo huishia kooni na kumezwa. Mtoto anapumua kawaida kwa dakika tano hadi kumi, kazi imekwisha. Wakati mwingine hospitali huendesha kikombe hicho kwa oksijeni badala ya kompresa, na bila shaka ndiko lilikotoka jibu la yule wa pili, lakini dawa inayofungua kifua ni salbutamoli. Na hakuna kilichochemshwa. Kiguse kikombe, utakikuta cha baridi.

Ndiyo maana “mashine ya mvuke” ni jina baya, na ubaya wake hauishii kwenye kamusi. Mvuke kwa Mtanzania ni nyungu: majani, maji ya moto, blanketi, jasho. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu walijifukiza nchi nzima. Mzazi aliyeambiwa kwamba hospitalini mwanawe alipewa mvuke ana haki ya kuuliza kwa nini akodi bodaboda usiku kwenda Utete, ilhali sufuria anayo na mwarobaini uko uani. Jibu lake ni la fizikia. Salbutamoli haipandi na mvuke. Wachemshaji chumvi wa pwani wanalijua jambo hilo kwa mikono yao: maji yanaondoka, chumvi inabaki chomboni. Dawa nayo ingebaki vivyo hivyo. Tena joto la nyungu na harufu kali ya majani vinaweza kumzidishia mtoto kubanwa, mbali na hatari ya maji ya moto kummwagikia akiwa chini ya blanketi.

Mfasiri mwenye mazoea ya kurudi kwenye mzizi atapendekeza ukungu, kwa kuwa nebula kwa Kilatini ni ukungu. Ni pendekezo la haki, nami ningelikubali kama ukungu usingekuwa pia ule unaoota juu ya mkate na kwenye ukuta wa nyumba yenye unyevu. Ukungu huo wa pili ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Sasa mwalimu aambiwe asubuhi kwamba mtoto aepushwe na ukungu, na mchana aambiwe apewe ukungu? “Kuvuta dawa” nako kuna lake. Kunaeleweka, ila neno “kuvuta” limekwishapewa sigara na bangi, na taarifa kwamba mwanafunzi kavuta dawa nyuma ya darasa ina tafsiri ambayo mwalimu wa nidhamu hatangoja ufafanuzi wake.

Neno ninaloliona linafaa ni manyunyu. Manyunyu ni maji hasa, si hewa ya moto. Ni madogo, ni ya baridi, na hakuna anayeyaogopa. “Mtoto amepewa manyunyu ya dawa” ni sentensi ambayo bibi anaielewa na daktari haipingi. Mashine yenyewe naona iendelee kuitwa nebulaiza. Jina hilo ndilo linalotumika wodini, na anayetafuta kikombe au mpira wa kubadilisha hatafika mbali kwa kuulizia “kinyunyizi”. Ataelekezwa kwenye duka la pembejeo.

Na hapo kwenye pembejeo ndipo mkoroganyo wa Rufiji na Kibiti ulipo mzito. Huku kuna mikorosho, na mikorosho inapochanua, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hivi, hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Mkulima ana pampu, anapulizia dawa. Mgonjwa wa pumu naye ana pampu, anapulizia dawa. Maneno ni yaleyale, na vitendo vinapingana: vumbi la salfa huwasha njia za hewa, na huweza kumbana mtoto anayepita shambani akienda shule, ilhali pampu ya mfukoni ndiyo inayomfungua. Nadhani fomu yoyote ya shule ya ukanda huu iandike “pampu ya pumu” kwa ukamilifu wake, hata kama mwandishi wa Dar es Salaam ataona ni kurefusha.

Pampu hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye swali la shule. Wazazi wengi, wakishaiona nebulaiza ikifanya kazi, hutamani shule nayo iwe nayo. Kuna imani kwamba mashine kubwa ina dawa kali. Kwa hesabu za kijuujuu wana haki: mpulizo mmoja wa pampu hutoa mikrogramu 100 za salbutamoli, wakati kikombe cha nebulaiza hutiwa miligramu 2.5 kwa mtoto mdogo au 5 kwa mkubwa, yaani mara 25 hadi 50 zaidi. Lakini sehemu kubwa ya kilichomo kikombeni huganda kwenye plastiki au hupotelea hewani. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa watoto waliobanwa zimeonyesha kwamba pampu ikitumiwa pamoja na spesa, ile chemba ya plastiki inayokaa kati ya pampu na mdomo, matokeo hayazidiwi na ya nebulaiza. Tena moyo haupigi mbio sana, na mtoto huruhusiwa mapema kutoka chumba cha dharura. Pampu haihitaji umeme wala mtu wa kupima dawa kwa bomba la sindano. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto huuhuu wa Rufiji, limejengwa kutoa megawati 2,115, lakini darasa lisilo na soketi halinufaiki na hata wati moja.

Spesa nayo si lazima iwe ya kununua. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet jaribio walilofanya kwa watoto: chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa, maana kitambaa hutia plastiki chaji ya umeme inayonasa dawa.

Uingereza, tangu Oktoba 2014, sheria inaruhusu shule kununua na kuweka pampu za salbutamoli za dharura. Lakini kwa shule ya Rufiji ninaanza na karatasi, ile ambayo mwalimu wa afya ataifungua mtoto akiwa ameinama, mabega juu. Mzazi aiandike akiwa na tabibu wa zahanati, na iwe na maneno ya nyumbani: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana pumu. Pampu na chupa yake vimo kwenye mkoba, mfuko wa mbele. Akibanwa mketishe wima, tikisa pampu, mpe mpulizo mmoja mmoja kupitia chupa, na kwa kila mmoja avute pumzi mara nne au tano. Anza na minne, isizidi kumi kwa mara moja. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, au ulimi ukibadilika rangi, msimsubiri mzazi. Mpelekeni hospitali huku mkiendelea kumpulizia njiani, na mkifika semeni anahitaji nebulaiza.