Sol Filosofia na Mtihani wa Albamu ya Pili

Mwaka 2011 kundi la Sauti Sol lilitoa Sol Filosofia, albamu yake ya pili. Nairobi ilikuwa imejaa waimbaji wakati huo, ila waliofika albamu ya pili ungewatafuta kwa tochi. Hakukuwa na upungufu wa vipaji. Ni kwamba kwa miaka hamsini jiji hili lilikuwa limezoea kununua wimbo, si mwimbaji, na mazoea hayo yalianza kwenye maduka ya santuri ya River Road.

Enzi za santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, mtu aliingia dukani akaondoka na nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Bendi za rumba, ambazo nyimbo zao hazikujua kuisha mapema, ziliukata wimbo mmoja vipande viwili. Kisa kilisimuliwa upande wa kwanza, magitaa yakaachiwa upande wa pili, na wachezaji wakangoja katikati ya chumba mpaka mtu aigeuze sahani. Duka mara nyingi lilikuwa pia ofisi ya mtayarishaji. Joseph Kamaru, bingwa wa nyimbo za Kikuyu, alikuwa na duka lake mwenyewe. Santuri kubwa zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa mkusanyiko wa nyimbo ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzinunua moja moja.

Katika biashara ya namna hiyo hakuna aliyemuuliza Daudi Kabaka albamu yake ya pili itatoka lini. Kilichosubiriwa ni wimbo wake mwingine. Mmojawapo, “Helule Helule”, ulichukuliwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 na ukapanda chati za huko. Fadhili William, aliyerekodi “Malaika”, aliishi kumsikia Miriam Makeba akiuimba, kisha Boney M. Kabaka na Fadhili walifariki mwaka mmoja, 2001, na utajiri uliolingana na umaarufu wa nyimbo hizo hakuna aliyeuonja. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria mpya ya Hakimiliki, nayo ikaanza kutumika 2003. Ilikuwa imechelewa kwao wote wawili.

Aliyetaka kula kwa muziki alitegemea jukwaa. Wanamuziki wa Les Wanyika walipojitenga na bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa bila mapato yoyote, mpaka walipopata kazi ya kutumbuiza Garden Square, katikati ya jiji. “Sina Makosa” iliwafanya wajulikane Afrika Mashariki nzima, lakini mkate wa kila siku ulitoka ukumbini, kwa watu waliolipa mlangoni. Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi husimulia historia ya muziki wetu kana kwamba ni historia ya rekodi. Rekodi ilikuwa tangazo, na ukumbi ndio uliokuwa duka.

Kanda za kaseti zilipoingia, hata tangazo hilo likaanza kuibwa. Redio yenye sehemu mbili za kaseti ilitosha kumfanya mtu yeyote kuwa mchapishaji. Kampuni kubwa za kigeni, zilizokuwa zimeifanya Nairobi kituo cha kurekodi cha ukanda mzima, zikafungasha moja baada ya nyingine. Kufikia miaka ya 1990 kijana wa Nairobi alikuwa akisikiliza zaidi muziki wa Marekani na Kongo kuliko wa mtaani kwake.

Redio za FM za watu binafsi, zilizoanza 1996, zilibadilisha upepo. Studio mpya zikazuka, na kati yake Ogopa Deejays ikawa jina la kila matatu. Lakini hata Ogopa walianza kwa kukusanya nyimbo za wasanii mbalimbali kwenye diski moja, kama River Road ilivyokuwa ikifanya. E-Sir, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wenzake wote, alitupa albamu moja, Nimefika, mwaka 2003, na Machi mwaka huo akafa katika ajali ya barabarani akirudi kutoka kwenye onyesho la Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Eric Wainaina alitoa Sawa Sawa mwaka 2001, albamu yenye “Nchi ya Kitu Kidogo”, wimbo uliowakera wakubwa serikalini. Twende Twende, iliyofuata, ilingojwa mpaka 2006. Miaka mitano ni muda mrefu katika muziki wa vijana. Aliyekuwa shule ya msingi ameshamaliza kidato cha nne.

Sauti Sol waliingia katika hali hiyo. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana Upper Hill School, juu ya kilima ambacho magari ya Ngong Road hupita kando yake yakielekea Dagoretti, na huko shuleni waliimba katika kundi la Voices in the Light. Gitaa lilikuja baadaye: Polycarp Otieno walikutana naye Alliance Française, katikati ya jiji, na kundi likaanza rasmi 2005. Walisaini na kampuni ya kurekodi ya Penya Africa, wakatoa albamu ya Mwanzo mwaka 2008. “Lazizi” ikawafikisha kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Alliance Française.

Albamu ya kwanza mtu huijaza nyimbo alizozibeba tangu ujana wake. Ya pili huandikwa kwa haraka, huku watu wakiwa wamekwisha kumkariri. Kwa sikio langu Mwanzo ina utulivu ambao Sol Filosofia ilikuwa na haraka ya kuuacha. Sauti bado zimepangwa kama za kwaya na gitaa bado liko mbele, lakini sasa wanaimba wakijua kwamba kuna watu watakaosimama. “Soma Kijana” inazungumza na vijana kwa sauti ya kaka mkubwa, na “Coming Home” ni wimbo wa watu waliokwisha kuonja safari. Albamu hii haikuwa bora kuliko ya kwanza. Ilikuwa kubwa zaidi, na mwaka 2011 hicho ndicho kilichohitajika.

Ilitoka katika kipindi kigumu cha kuuzia diski. CD iliyochomwa nyumbani ilikuwa kila kona. Msikilizaji wa Kawangware angeweza kuzijua nyimbo zake kwa kupanda tu matatu ya namba 46 kwenda kazini na kurudi, na senti isimfikie aliyeziimba. Upande mwingine kampuni ya simu ya Safaricom ilikuwa imezindua huduma ya Skiza mwaka 2009, na simu ikawa mahali pa kuuzia kipande cha wimbo, kifupi hata kuliko upande mmoja wa santuri. Duka la diski lilikuwa likifa na duka la intaneti lilikuwa halijafunguliwa sawasawa. Ukipima mafanikio ya Sol Filosofia kwa diski zilizouzwa, unapima kwa kipimo ambacho Nairobi haikuwahi kukitumia. Albamu iliwapa nyimbo za kutosha kujaza onyesho zima bila kukopa za wengine, na kundi lenye onyesho lake hualikwa, hulipwa, na husafiri.

Hesabu hiyo waliielewa kuliko watangulizi wao. Baada ya kushirikiana na mwanamuziki Spoek Mathambo wa Afrika Kusini mwaka 2012, waliamua kujisimamia. Mwaka 2014 “Nishike” ikazua kelele kwa video yake ya vifua wazi. Novemba mwaka huo wakatwaa tuzo ya MTV Ulaya kwa msanii bora wa Afrika. Julai 2015 Barack Obama alicheza “Sura Yako” nao Ikulu ya Nairobi. Miezi minne baadaye, albamu ya tatu, Live and Die in Afrika, ilipokuwa tayari, waliiweka kwenye intaneti na kwa muda mfupi wakawaacha watu waipakue bure. Wengine waliona ni wazimu. Mwenye kumbukumbu ya Garden Square angeona ni biashara ya kawaida kabisa: tangazo hutolewa bure, mlangoni watu hulipa.

Walisitisha kazi ya pamoja Novemba 2023, kwa tamasha la Sol Fest jijini Nairobi, wakiwa na albamu tano za studio. Mwaka huohuo Bien alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake.