Kadi za Brussels

Mtu mwenye vitabu kumi hukiona akitakacho kwa kutupa jicho. Mwenye vitabu laki moja, asipokuwa na utaratibu, ni kama hana hata kimoja. Shida hiyo iliwasumbua wanasheria wawili wa Ubelgiji, Paul Otlet na Henri La Fontaine, na mwaka 1895 wakaanzisha mjini Brussels kazi ya kuorodhesha vitabu vyote vilivyopata kupigwa chapa duniani.

Kila kitabu kiliandikiwa kadi yake, na kadi zikapangwa katika droo kwa tarakimu. Tarakimu hizo hawakuzibuni wao. Mmarekani Melvil Dewey alikwisha kuzitoa mwaka 1876, wao walizipanua. Elimu ya maadili ilikuwa 17, na sanaa 7. Lakini je, kitabu kisemacho juu ya maadili katika sanaa kiwekwe wapi? Rafuni kitabu hakikai mahali pawili. Basi wakatia nukta mbili katikati, wakaandika 17:7, na aliyeingia kwa mlango wa sanaa akaweza kutokea kwenye maadili. Mimi naiona alama hiyo ndogo kuwa kubwa kuliko wingi wa kadi zenyewe, ingawa hatimaye zilizidi milioni 12. Kadi zisizounganishwa ni karatasi tu.

Watu walileta maswali yao kwa barua, wakapelekewa nakala za kadi zilizowahusu.

Wawili hao waliamini kuwa mataifa yakishirikiana elimu yataacha kupigana. La Fontaine alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikuu vikazuka, na mwana mmoja wa Otlet akauawa vitani. Otlet hakuacha kazi. Mwaka 1934 serikali ya nchi yake ikaufunga ukumbi wake, na mwaka 1940 Wajerumani waliouteka mji wakaondoa mkusanyo ule ili wapate nafasi ya maonyesho ya sanaa yao. Mengi yakaharibiwa. Otlet akafa mwaka 1944, wala hakuona kazi yake ikirudishiwa heshima.

Kadi zilizosalia zimehifadhiwa mjini Mons, huko huko Ubelgiji, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Tarakimu zile zingali zikitumika katika maktaba za nchi nyingi, pamoja na nukta zake mbili.