Ngoma Si Burudani Tu: Historia Iliyomo Katika Maneno

Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni hafla yenyewe inayowakusanya watu. Maana hizo tatu hukaa katika neno moja kwa kuwa wazee wetu hawakuzitenganisha. Leo, katika ratiba za shughuli za serikali, ngoma huandikwa chini ya kipengele cha "burudani", baina ya utambulisho na hotuba ya mgeni rasmi. Neno limebaki, uzito wake umepungua.

Tulitazame neno beni. Lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, na ngoma yenyewe ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya 1914–1918 vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa vimeenea hadi bara. Viongozi wake walijiita kingi, jenerali, kapteni. Mtazamaji wa juu juu aliona watu wanaoiga wazungu. Lakini nyuma ya vyeo hivyo palikuwa na michango, mazishi ya wanachama, na mgeni mjini aliyepata wa kumpokea. Haishangazi kwamba watawala wa kikoloni waliitazama beni kwa shaka.

Usukumani kuna manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Mashindano ya Bagika na Bagalu, yaliyoanza karne ya 19, hayana mwamuzi wa kuteuliwa: manju anayeuvuta umati ndiye mshindi. Cheo hicho hakitolewi kwa barua. Watazamaji wakihama, kimekwisha.

Nao wanawake wa pwani walikuwa na lelemama, yenye vyama na vyeo vyake. Mwaka 1955 TANU ilipotafuta wanachama wanawake Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, aliwaendea viongozi wa vikundi vya namna hiyo. Hakuanza na watu wasiojua kujiunga. Alianza na wanawake waliokwisha kuzoea kuchanga, kuchagua viongozi na kuitana.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba wasomi walijua rumba kuliko Gombe Sugu au Kiduo. Alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini tulichokiokoa baadaye kilikuwa hasa mitindo ya kuchezesha mwili. Vyama vilivyoibeba mitindo hiyo tuliviacha vife. Kisha tukaziita "ngoma za asili", kana kwamba hazikuwahi kubadilika, ilhali neno beni peke yake linatosha kutukanusha.

Basi, afisa utamaduni unayekwenda kijijini na kamera, usirekodi miguu na ngoma pekee. Uliza pia: kiongozi aliitwaje? Nani alishika fedha? Aliyefiwa alipewa nini? Majibu ya maswali hayo ni historia ya watu kujitawala kabla ya kuwa na bendera.