Kumbukumbu za Mitaa ya Kariakoo: Porojo za Barazani au Ushahidi?

Wazee waliokulia Kariakoo, Dar es Salaam, wanapokutana msibani au kwenye walima, mazungumzo hayachelewi kurudi mitaani. Huyu atasema pale palikuwa na duka la kanga, yule ataongeza kuwa nyumba ya jirani ilikuwa na chuo cha Qur'ani uani, na wa tatu atakumbusha klabu ya pombe iliyokuwa kona ya pili. Vijana husikiliza kwa adabu, kisha huondoka wakiamini kuwa wamesikia porojo za uzeeni. Katika makala hii tunataka kuonesha kwamba mazungumzo yale yana uzito katika elimu ya tarikh, na yana uzito mkubwa zaidi katika fiq-hi, kwa sababu yapo mambo ambayo hayathibiti ila kwa hayo.

Mtaa ulivyozaliwa

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha panga eneo la magharibi ya Mnazi Mmoja liwe makazi ya Waafrika. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916, sehemu hiyo ikawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, waliojulikana kama Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zililigeuza jina hilo likawa Kariakoo. Kwa hiyo jina tunalolitaja kila siku tunapokwenda sokoni ni kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi wao hawakurudi makwao.

Katika mitaa iliyonyooka ya eneo hilo zilijengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na baraza mbele. Majina ya mitaa yalibeba watu na nchi: Swahili, Nyamwezi, Congo, Pemba, Somali. Msikiti wa Manyema nao ni ukumbusho wa jamaa waliofika pwani kutoka mashariki ya Congo. Mwaka 1933 ilianzishwa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyowajengea watoto wa Kiislamu shule. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaasisiwa katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Aliyeijua Kariakoo ya wakati huo alijua pia fundi cherahani aliyeshonea barazani, muuza kahawa aliyegonganisha vikombe vyake jioni, na duka la Mhindi lililokopesha mchele mpaka mwisho wa mwezi.

Mji ule umekwisha ondoka. Soko la ghorofa alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na likaungua tarehe 10 Julai 2021. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba za Kiswahili zimebomolewa moja baada ya nyingine ili maghorofa ya maduka yapate nafasi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa mojawapo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ua zimeondoka, baraza zimeondoka, na waliokaa barazani nao wanaondoka.

Wanavyuoni waliandika mitaa

Huenda msomaji akauliza: kuandika habari za maduka na vichochoro ni kazi ya mwanachuoni? Tunamjibu kuwa ni kazi ya wanavyuoni wakubwa. Al-Azraqi, katika karne ya tatu Hijria, aliandika habari za Makka na ndani yake akaeleza viwanja vya koo zake, kiwanja kwa kiwanja. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 H/1071) alikitanguliza kitabu chake cha wasifu wa watu wa Baghdad kwa maelezo ya mji wenyewe, mitaa na mito yake. As-Samhudi (aliyefariki 911 H/1506) aliifanyia Madina kazi kama hiyo.

Aliyewapita katika jambo hili ni al-Maqrizi wa Misri (aliyefariki 845 H/1442). Huyu alizaliwa katika mtaa wa Barjawan mjini Cairo, na aliwahi kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na mizani. Aliyaona kwa macho yake masoko yakifa baada ya misukosuko ya mwaka 806 H. Katika Khitat yake akaandika soko hadi soko, msikiti hadi msikiti, lililosimama na lililobakia magofu. Leo anayetafuta asili ya wakfu wa Cairo hana budi kukifungua kitabu hicho. Hiyo ndiyo faida ya mtu mmoja kuchukua kalamu kabla vumbi halijafunika njia.

Istifadha na mali za wakfu

Sasa tuje kwenye hukumu. Asili ya ushahidi ni mtu kushuhudia alichokiona au alichokisikia mwenyewe. Lakini mafakihi waliona kuwa yapo mambo ambayo walioyashuhudia hufa, na haki zake hubaki: nasaba, kifo, ndoa, umiliki, na wakfu. Katika haya waliangalia istifadha, yaani habari iliyoenea baina ya watu wengi kiasi cha kutochelewa kuwa wamekubaliana kusema uongo. Katika madhehebu yetu ya Shafii palikuwa na mjadala. Imam ar-Rafi'i (aliyefariki 623 H/1226) aliona kauli yenye nguvu ni kuwa wakfu hauthibiti kwa njia hiyo. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) akamfuatia katika Minhaj kwa kusahihisha: iliyo sahihi kwa wahakiki na walio wengi ni kuwa inajuzu.

Hapa ndipo porojo ya barazani inapogeuka kuwa haki ya watu. Mtu aliweka nyumba yake wakfu kwa chuo, hati ikapotea au haikuandikwa kabisa. Hata ikiwepo, huenda ikataja mtaa wa Kichwele, na kijana anaujua mtaa wa Uhuru tu. Au itataja mpaka kwa jina la jirani ambaye nyumba yake haipo tena. Anayeweza kuonesha kuwa mtaa ni ule ule na kiwanja ni kile kile ni wazee wa mtaa.

Lakini tusisahau mpaka wake. An-Nawawi alieleza kuwa istifadha huthibitisha asili ya wakfu, haithibitishi masharti yake. Wazee mia wanaweza kutuambia kwamba nyumba ile ilikuwa wakfu, lakini nani anufaike, nani asimamie, na kodi igawanywe vipi, hayo yanataka maandishi au ushahidi wa waliohudhuria. Kwa hiyo kila tunapochelewa tunapoteza mara mbili: kwanza masharti, kisha asili yenyewe.

Na vilabu vya pombe je?

Baadhi ya ndugu huona vibaya mzee anapotaja klabu za pombe na dansi, wakataka kumbukumbu zisafishwe zibakie misikiti na madrasa tu. Tunaona hilo si sahihi. Pombe ilikuwa sehemu ya siasa ya mji wa kikoloni, na kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, mwaka ule ule wa Al Jamiatul Islamiyya. Asiyejua masheikh na wazazi wa wakati ule walilea watoto wao wakizungukwa na nini, hawezi kuujua ukubwa wa kazi yao. Al-Maqrizi naye hakuficha kuwa Ardhi ya Tabbala pale Cairo ilijulikana kwa hashishi.

Linalokatazwa ni jingine. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwatukana maiti, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza, na kumsitiri Muislamu ni jambo lililohimizwa. Basi mahali patajwe na aliyekwenda pale asitajwe. Mipaka ya kiwanja inahitaji kujua kuwa jirani yake ilikuwa klabu. Haihitaji kujua nani alitoka humo usiku akipepesuka.

La kufanya

Wanafunzi wa vyuo vyetu wawaendee wazee wakiwa na daftari. Wamuulize kila mzee amezaliwa mwaka gani na alihamia mtaa huo lini, kama wanavyuoni wa hadithi walivyowapima wapokezi kwa tarehe zao. Watenganishe alichokiona na alichokisikia, wamuulize mwingine peke yake, kisha walinganishe. Majina ya zamani ya mitaa yaandikwe kando ya mapya. Panapotajwa wakfu, maimamu wawakutanishe wazee wale, waandike kauli zao mbele ya mashahidi na zitiwe saini. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika deni dogo na kubwa. Ikiwa deni la watu wawili linaandikwa, haki ya msikiti na mayatima inastahiki zaidi kuandikwa. Na kazi hiyo ianze kwa mzee aliye mkongwe kuliko wote mtaani.